Ngao ya Karani Isiwe Mto wa Kulalia



Sisi wa Shinyanga na jirani zetu wa Geita twajua kwamba kazi hazilingani. Shughuli za mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, kule Kahama, zilipokoma mwaka 2021, wachimbaji walifunga mizigo. Karani wa halmashauri haondoki namna hiyo. Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002 yataka mtumishi asifukuzwe mpaka ashtakiwe, apewe nafasi ya kujitetea, na uchunguzi ufanywe. Akiadhibiwa, anayo haki ya kukata rufani.

Je, huu ni upendeleo? Hasha! Ulinzi huo uliwekwa kwa faida yetu. Mweka hazina asiye na ulinzi, akiamriwa na mkubwa wake atie sahihi hati ya uongo, atatia, maana ana watoto wa kulisha. Mwenye ulinzi aweza kusema, "Bwana Mkubwa, sitii."

Lakini ngao hiyo imezaa jambo lisilokusudiwa. Kumshtaki mvivu kwataka hati, mashahidi na vikao. Mkuu wake huona taabu, akamwombea uhamisho. Wilaya moja hupumua, nyingine hupokea mzigo. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na hapa aliaye ni mwananchi aliyesimama dirishani tangu asubuhi, akaambiwa "njoo kesho."

Kumbukeni mwaka 2016. Mkuu wa Mkoa wetu alitangaza kwamba Shinyanga haina watumishi hewa. Uhakiki ulipofanywa wakaonekana 45, na mwezi wa Aprili Rais akamwondoa. Cheo chake kilikuwa cha kuteuliwa, kwa hiyo siku moja ilitosha. Lakini majina yale hayakujiandika yenyewe katika orodha ya mishahara! Kumwondoa mkubwa ni kazi ya siku moja; kumpata aliyeandika jina la uongo ni kazi ya ushahidi.

Basi tuivunje ngao? La! Atakayeumia kwanza ni yule mwaminifu aliyekataa kutia sahihi. Dawa ni kuitumia sheria. Madiwani wetu wanayo mamlaka ya nidhamu juu ya watumishi wa halmashauri. Tuwaulize: mashtaka mangapi yamesikilizwa, na ni nani aliyehamishwa badala ya kushtakiwa? Nasi tuandike malalamiko yenye jina na tarehe, tuyatie sahihi zetu. Manung'uniko ya kilabuni hayajamshtaki mtu hata siku moja.