Benki, Fedha na Kiitaliano: Hoja ya Kuyafundisha Katika Darasa Moja



Mada hii inahusu shahada ambayo wengi wakiisikia huuliza inamfaa nani: benki na fedha pamoja na Kiitaliano. Vyuo vikuu kadhaa vya Uingereza vimekuwa na shahada za namna hii, ambazo kwa kawaida huchukua miaka minne, mwaka wa tatu ukitumika Italia. Mpangilio huo ni mzuri. Kinachonisumbua ni kwamba masomo haya mawili mara nyingi hukutana kwenye cheti tu. Asubuhi mwanafunzi yuko idara ya biashara akisoma mtaji na ukwasi kwa Kiingereza; mchana yuko idara ya lugha akichambua riwaya. Hakuna anayempa taarifa ya fedha ya benki ya Kiitaliano na kumwambia asome. Hoja yangu ni kwamba kazi hiyo ianze mwaka wa kwanza, na ifanywe na wahadhiri wa pande zote mbili.

Historia inaunga mkono hoja hii. Mwaka 1494, mjini Venezia, mtawa wa Kifransisko Luca Pacioli alichapisha kitabu kikubwa cha hisabati, Summa de arithmetica. Sehemu yake moja inaeleza jinsi wafanyabiashara wa mji huo walivyotunza hesabu zao, kila muamala ukiandikwa mara mbili, upande wa debiti na upande wa krediti. Si yeye aliyeubuni mfumo huo. Daftari la kampuni ya Giovanni Farolfi, wafanyabiashara wa Firenze waliokuwa Provence, linauonyesha tangu 1299 na 1300. Pacioli aliueleza kwa lugha ya watu wa nchi yake badala ya Kilatini cha wasomi, nao ukaweza kusomwa na mtu aliyeuhitaji dukani. Mwanafunzi wa fedha anayejua Kiitaliano anaweza kuufikia mzizi wa somo lake bila kusubiri mtu amsimulie.

Tuache karne ya kumi na tano, tuchukue mizania ya kampuni ya kawaida ya leo. Ibara ya 2424 ya sheria ya kiraia ya Italia, Codice civile, inaamuru vipengele vyake vipangwe vipi. Kipengele cha kwanza upande wa mali si majengo wala mitambo. Ni fedha ambazo wanahisa waliahidi kuchangia mtaji na bado hawajazitoa. Aliyezoea mizania za Kiingereza ataanza kutafuta mali za kudumu, na anaweza kuupita mstari huo bila kuuona, ilhali ndio unaomwambia kama wenye kampuni wamelipa walichoahidi. Halafu kuna tarakimu. Waitaliano hutenga maelfu kwa nukta, na sehemu ya desimali kwa mkato, hivyo 1.250,75 ni elfu moja mia mbili hamsini nukta saba tano. Mwanafunzi akizoea hilo darasani, hatababaika siku ya kwanza kazini.

Pagumu zaidi ni kwenye mikopo chechefu. Benki kuu ya Italia, Banca d'Italia, imeigawa katika makundi matatu. Sofferenze ni mikopo ya mdaiwa aliyefilisika au aliye katika hali inayolingana na hiyo, hata kama mahakama haijatamka. Inadempienze probabili ni ile ambayo benki inaona mdaiwa hataimaliza bila benki kuchukua hatua kama kuuza dhamana. Kundi la tatu ni la madeni yaliyopita siku 90 bila kulipwa. Mwanafunzi akiyaita yote matatu mikopo chechefu, kisha akachukua idadi ya kundi la kwanza peke yake, ataiona benki ina afya kuliko ilivyo. Kosa hilo haliwezi kukamatwa na mwalimu wa lugha peke yake, wala na mwalimu wa fedha peke yake.

Mji wa Siena ungefaa sana kwa mwaka wa masomo Italia. Hapo ndipo ilipo Monte dei Paschi, iliyoanzishwa 1472 na inayotajwa kuwa benki kongwe kuliko zote zinazofanya kazi hadi leo. Hapo hapo pana chuo kikuu cha wageni kinachotoa mtihani wa Kiitaliano wa CILS. Mwaka 2007 benki hiyo ilikubali kuinunua benki nyingine, Antonveneta, kwa takriban euro bilioni 9, na msukosuko wa fedha wa dunia ukafuata mara. Mikopo mibaya ikalundikana, na mwaka 2017 serikali ikaiokoa na kuchukua hisa zipatazo asilimia 68. Mwanafunzi akizisoma ripoti za benki hiyo, mwaka hadi mwaka, kwa lugha zilimoandikwa, ataona jinsi wakubwa wanavyolieleza jambo linaloharibika. Kitabu cha kiada kitampa matokeo tu.

Mtihani wa vyuo vya Italia nao unastahili kutajwa. Mara nyingi hufanywa kwa mdomo, na alama ni kati ya thelathini, kufaulu kukianzia kumi na nane. Mwanafunzi anakaa mbele ya profesa na kueleza kwa nini riba ikipanda bei ya hatifungani hushuka. Fomula kwenye karatasi haitoshi. Lazima aseme, akatizwe, ajibu. Kwangu mimi huo ndio mtihani bora kwa shahada hii, na sioni kwa nini tusiuige.

Wapo watakaosema mtu wa lugha si mtu wa fedha. Carlo Azeglio Ciampi alihitimu kwanza katika fasihi mjini Pisa mwaka 1941, akaongeza shahada ya sheria, akajiunga na Banca d'Italia 1946, akawa gavana wake kuanzia 1979 hadi 1993, na baadaye rais wa nchi. Raffaele Mattioli, aliyeongoza Banca Commerciale Italiana kwa miaka mingi, alikuwa pia mlezi wa uchapishaji wa fasihi ya Kiitaliano.

Na sisi je? Malindi, Watamu na Zanzibar kumejaa vijana waliojifunza Kiitaliano kwa watalii na wakazi wa Kiitaliano. Wanakizungumza vizuri, lakini wengi wao mwisho wao ni hoteli na matembezi ya baharini. Kipo kitu cha maana zaidi cha kufanya na lugha hiyo. Mwaka 1883, katika kijiji cha Loreggia, Leone Wollemborg alianzisha benki ya kwanza ya wakulima ya ushirika nchini Italia, wanachama wakidhaminiana kwa mali zao. Kutoka humo zilikua benki za mikopo ya ushirika ambazo, kwa sheria ya 2016, zilitakiwa kujiunga katika makundi makubwa ili ziimarishe mitaji yao. Mwanachama yeyote wa SACCOS atalitambua swali lililo hapo: chama kidogo kinawezaje kuwa na nguvu bila kuwapoteza wanachama wake? Waitaliano wamelijadili kwa undani, na sehemu kubwa ya mjadala huo imo kwenye katiba za vyama, miongozo na ripoti za Kiitaliano. Mtafiti wa Moshi au Nairobi anayejua lugha hiyo na anayejua mizania atakuwa na hazina ambayo wenzake hawana.

Napendekeza basi jambo moja la kuanzia. Muhula wa kwanza, kila mwanafunzi apewe taarifa ya mwaka ya benki moja ndogo ya ushirika ya Italia, aichambue mizania yake, kisha aitwe mbele ya wahadhiri wawili, wa fedha na wa Kiitaliano, wote mezani kwa wakati mmoja. Alama zitolewe kati ya thelathini. Swali la kwanza liwe: benki hii inawadai nani, na nani kati yao hatalipa?