Mguso wa Kinanda: Kuupanga Ufuate Mkono Wako

Mada hii inawahusu wapiga kinanda wa kwaya, hasa wale wanaopokezana kinanda kimoja kanisani. Ninachoomba ni kwamba mguso, yaani jinsi kinanda kinavyoitikia kidole, upangwe kwanza, spika zifuate baadaye.

Chini ya kila kitufe kuna viguso, aghalabu viwili, na kimoja huguswa kabla ya kingine. Kinanda hupima muda unaopita katikati: ukiwa mfupi, sauti huwa kubwa, ukiwa mrefu, huwa ndogo. Kinachopimwa basi ni kasi ya kidole. Katika mfumo wa MIDI, uliotoka mwaka 1983, kasi hiyo hupewa namba kuanzia 1 hadi 127. Kubadili mguso kwenye menyu hakugeuzi uzito wa kitufe hata kidogo. Hugeuza namba inayotolewa kwa kasi ileile. Mguso mwepesi hutoa namba kubwa hata kidole kikishuka taratibu. Mguso mzito hudai kasi.

Wengi hudhani haya ni mambo ya ukubwa wa sauti tu, na hapo ndipo kwaya zetu zinapoumia. Katika vinanda vizuri, piano iliyopigwa kwa upole na iliyopigwa kwa nguvu zimerekodiwa kila moja peke yake, kwa kuwa hazifanani: ya nguvu ina mng'ao ambao ya upole haina. Mguso ukiwa mzito kuliko mkono wako, mng'ao huo hutaufikia hata ukipandisha spika hadi mwisho. Waimbaji watasikia piano butu yenye kelele. Ukiwa mwepesi mno, kila noti inang'aa, na wimbo wa Kwaresima unasikika kama wa Pasaka.

Kupima ni rahisi. Chagua sauti ya piano, weka mguso wa kati, kisha piga ngazi nzima kwa upole kadiri uwezavyo, mkono mmoja mmoja. Noti zikipotea, hasa za kidole cha pete na cha mwisho, punguza uzito wa mguso. Halafu piga kodi za kiitikio. Sauti ikifika kileleni na mkono bado una nguvu, ongeza uzito. Naanza na upole makusudi: kwaya inapoimba kwa sauti ya chini, noti moja iliyopotea huwayumbisha watu wa alto.

Vinanda vya vitufe 61 vyenye springi nyepesi mara nyingi hufaa mguso mzito kwa mtu mzima. Mtoto anayejifunza apewe mwepesi.

Kwa sauti ya ogani, zima mguso kabisa. Ogani ya mabomba haipandishi sauti kwa kasi ya kidole. Ukubwa wake hutokana na mabomba yanayofunguliwa, pamoja na pedali. Mguso ukibaki umewashwa, tena katika tenzi za sauti nne, besi au tenori hutoweka katikati ya mstari.

Baadhi ya vinanda husahau mpangilio vikizimwa. Kila mpigaji ahifadhi wake kwenye kumbukumbu ya kinanda, na aukague kabla ya ibada kuanza.