Rangi ya Kwanza ya Gari la Kale

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, huko Edenvale, mashariki ya jiji la Johannesburg, Basil Green alitengeneza gari ambalo wapenzi wa magari nchini Afrika Kusini hawajalisahau: Capri Perana. Bodi ilikuwa ya Ford Capri, iliyoundwa Port Elizabeth, mji ambao tangu mwaka 2021 huitwa Gqeberha. Kazi ya Green ilikuwa kuitia injini ya silinda 8, yenye ujazo wa takriban lita 5.

Hapo ndipo penye utata. Fundi yeyote hodari aweza kuitia injini ya namna hiyo katika Capri ya kawaida, kisha gari la bandia likauzwa kwa bei ya Perana halisi. Kwa hiyo mnunuzi mwangalifu haanzi kwa kufungua boneti. Huinua zulia, huchungulia ndani ya buti na nyuma ya mipira ya milango, mahali ambapo fundi mvivu, nao si wachache, hakufikisha rangi mpya. Ikiwa karatasi za gari zataja nyekundu, na chini ya zulia mna buluu, muuzaji ana maswali ya kujibu.

Mwenye gari halisi naye ana mtihani wake. Johannesburg iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na jua lake kali hufifisha rangi. Akiikwangua na kupuliza rangi ya kisasa, gari litang'aa kuliko lilipotoka kiwandani, lakini ushahidi wake utakuwa umekwenda na vumbi la msasa.