Mkunga Akisusa Chakula

Leo tunazungumzia mkunga mwenye miiba mgongoni, yule samaki mwembamba kama nyoka aishiye kwenye miamba na mchanga wa maziwa na mito yetu sisi wa Nchelenge, Kilwa, Pweto na kote ufukweni mwa Ziwa Mweru. Ndugu zake wa Ziwa Tanganyika huuzwa hadi nje ya Afrika kama samaki wa mapambo.

Anayemfuga kwenye tangi la kioo hulalamika: "Hali!" Mara nyingi kosa si la samaki. Mkunga huwinda usiku, akinusa kwa pua yake ndefu yenye nyama laini. Chakula cha unga kinachoelea mchana hakimhusu, na samaki wepesi humpokonya hata kidogo alichopewa.

Fanya hivi. Tandaza mchanga laini, kwani kokoto kali humchubua anapojifukia. Weka mawe au kipande cha bomba ajifiche. Taa zikizimwa, shusha nyungunyungu au kamba wadogo karibu na maficho yake. Mabaki yaondoe asubuhi, na sehemu ya maji uibadilishe kila wiki. Funika tangi vizuri, maana hupenya upenyo mdogo.

Mkunga aliyefika karibuni anaweza kususa siku kadhaa, mpe utulivu. Lakini akikonda, akipumua kwa kasi au akiwa na vidonda, anza kwa kukagua maji, kisha tafuta mtaalamu wa mifugo mapema.

Ukishindwa kumtunza, tafadhali usimwachie ziwani: anaweza kuwaambukiza maradhi samaki tunaowategemea.