Mguu unaovimba kila jioni

(Maneno aliyosema mwenzetu wa kazi za vijijini katika mkutano wa wanachama, Baraka)



Niliombwa niseme juu ya salongo na faini. Nitafika huko, lakini nianze na mguu.

Kuna mama mwenzetu, yuko hapa ndani na amenipa ruhusa. Miaka miwili iliyopita alizaa, na siku chache baadaye mguu wake wa kushoto ukavimba mpaka paja, una joto, unauma. Hospitali wakaona damu imeganda katika mshipa mkubwa, ule wa ndani usioonekana kwa macho. Alichomwa sindano, kisha akameza vidonge vya kuzuia damu isiendelee kuganda, miezi kadhaa. Akapona, tukamshukuru Mungu.

Lakini ule mguu haukurudi vile ulivyokuwa. Asubuhi ni mzuri. Kufika saa nane umekuwa mzito kama gunia la mihogo, na jioni kidole kikibonyeza karibu na kifundo, shimo linabaki. Ngozi inawasha, imegeuka nyeusi na ngumu. Basi maneno yakaanza: ametegwa njiani, amekanyaga dawa. Hata jina la jirani likatajwa, na sote tunajua jirani huyo wanagombana naye juu ya shamba tangu waliporudi kutoka Tanzania. Wengine wakasema ni uvivu tu.

Mimi pia nina kosa. Siku ya kugawa mbegu nilimkuta ameketi chini nje ya mstari, nikamwambia asimame kama wenzake. Akasimama, saa nne nzima. Jioni ile nilimwona akitembea kurudi nyumbani, nikaona haya.

Sasa ugonjwa wenyewe. Ndani ya mishipa inayorudisha damu juu kwenye moyo kuna vilango vidogo. Vinafanya kazi kama valvu ya tairi ya baiskeli: upepo unaingia, haurudi nyuma. Tunapotembea, shavu la mguu linakamua damu kuipandisha, na vilango vinaizuia isishuke. Damu ikiganda pale, inaweza kuviharibu, au kubakiza njia nyembamba. Bonge linaweza kuyeyuka, lakini kilango kilichoharibika hakiponi. Damu inatuama chini, maji yanatoka kwenye mishipa, mguu unavimba. Katika watu 10 waliopata bonge la namna hiyo mguuni, kati ya 2 na 5 wanabaki na shida hii, mara nyingi ndani ya miaka miwili. Hakuna aliyewatega.

Hakuna kidonge cha kurudisha vilango. Kinachosaidia ni kuinua mguu juu kuliko moyo, mara kadhaa kwa siku, hata kwa kulala na kuuegemeza ukutani. Kutembea pia kunasaidia. Kusimama mahali pamoja ndiko kubaya, na kuketi kutwa nzima miguu ikining'inia vilevile. Ngozi ipakwe mafuta, isikunwe. Na bandeji ya kuvutika, ile waganga wa kituo wanaita velpo: inafungwa asubuhi kabla ya kushuka kitandani, kuanzia vidoleni mpaka chini ya goti, inakaza zaidi kwenye kifundo na kulegea kidogo kupanda juu. Usiku inafunguliwa. Lakini kwanza mganga apime kama damu inafika vizuri kwenye unyayo, hasa kwa wazee, wenye sukari na wavuta tumbaku, kwa sababu mguu usiofikiwa na damu ukibanwa unaweza kuoza. Vidole vikiwa baridi au vikifa ganzi, fungua mara moja. Kamba na raba za tairi, hapana.

Kidonda kikitoka, kwa kawaida upande wa ndani juu ya kifundo, msiweke majivu wala unga wa betri. Kisafishwe kituoni, na mguu ufungwe. Bila kufungwa, kidonda hicho kinaweza kukaa miaka.

Uvimbe ukiongezeka ghafula, hiyo ni hospitali, siku ileile. Pumzi ikikata, kifua kikichoma au mtu akikohoa damu, hata usiku tafuteni pikipiki: bonge linaweza kuwa limefika kwenye mapafu, na linaua. Na mama aliyewahi kupata shida hii amwambie mkunga mapema akipata mimba tena, vilevile kabla ya kuchukua vidonge vya uzazi wa mpango, maana vingine vinaongeza hatari.

Sasa faini. Mama huyu ameandikwa mara tatu kwa kukosa salongo, na amelipa. Pesa hiyo ingetosha kununua bandeji. Yeye hakatai kazi, anakataa kusimama na jembe kutwa. Tumpe kubeba daftari, kuzunguka kuhesabu waliofika na vyombo, kupumzika akichoka. Wafadhili wetu, bandeji zinafuliwa na baada ya muda zinalegea, kwa hiyo kila mgonjwa anahitaji mbili, moja ikauke nyingine ikiwa mguuni. Katika kijiji chetu nimeshaona watu wanne wenye miguu ya namna hii, na wawili hawajapimwa.

Salongo ijayo ni Jumamosi, njia ya kwenda chemchemi. Naomba katibu, kabla ya siku hiyo, afute jina la mama huyu kwenye orodha ya faini, na mweka hazina amrudishie chake. Anayekubali ainue mkono.