Tunayoyaacha na Tunayoyakimbia: Imani ya Kikristo na Mwanzo Mpya



Wazee wa kanisa na viongozi wa vikundi, waandaaji wamenipa mada ya kuyaacha yaliyopita tunapoanza upya, wakaniomba nianzie kwenye mkesha wa mwaka mpya, kwa kuwa ndipo washarika wetu wanapousikia zaidi ujumbe huu. Mkesha wenyewe ni urithi. Wamoravian wa Herrnhut, Ujerumani, walikesha hivyo karne ya 18. John Wesley akaupokea, na mwaka 1755 akaanzisha ibada ya kuweka upya agano na Mungu ambayo Wamethodisti wanaifanya hadi leo mwanzoni mwa mwaka. Kwetu mambo yamechangamka zaidi. Zipo sharika zinazogawa vikaratasi, kila mtu anaandika anayotaka kuyaacha, vinachomwa nje muda mfupi kabla ya saa sita, halafu vigelegele. Sina ugomvi na vikaratasi. Nataka tuulizane kimeandikwa nini humo.

Andiko linalosomwa sana usiku ule ni Wafilipi 3:13, pale Paulo anaposema ameyapa kisogo ya nyuma na anakazana kwenda mbele. Ni wachache wanaofungua mistari iliyotangulia. Fungueni mstari wa 5 na wa 6. Paulo anataja kutahiriwa kwake siku ya nane, kabila lake la Benyamini, Ufarisayo wake, na jinsi alivyokuwa hana lawama mbele ya sheria. Hata kulitesa kanisa amekupanga humo humo, maana wakati ule kulikuwa jambo la kujivunia. Hayo ndiyo anayoyahesabu kuwa hasara. Kwa maneno mengine, anachokiacha ni wasifu wake. Makosa yake hakuacha kuyataja: Wakorintho aliwaandikia kwamba hastahili hata kuitwa mtume kwa sababu aliwatesa watu wa Mungu, Wagalatia akawakumbusha habari hiyo hiyo, na mbele ya Agripa, katika Matendo 26, akakiri kwamba alipiga kura watu wauawe. Heshima yake aliisahau, maovu yake akayakumbuka. Sisi tumegeuza: tunachoma maovu, heshima tunaitunza kabatini.

Chukueni mstaafu. Mtumishi wa umma hapa Tanzania kwa kawaida hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Mnamjua huyu baba: anakuja kwenye kamati ya ujenzi na shajara yenye nembo ya ofisi aliyoagwa zamani, na mhasibu kijana akianza kusoma taarifa, yeye anakohoa kidogo, "Sisi enzi zetu..." Kikao kinasimama. Nyumbani hajui mjukuu wake yuko darasa la ngapi. Wengine wetu tulishamaliza muda wa uenyekiti wa kwaya, lakini funguo za stoo ya vyombo bado tunazo mfukoni. (Sitataja mtu.) Hakuna anayeandika hayo kwenye kikaratasi, kwa sababu yaliyopita yaliyokuwa matamu hatuyaoni kuwa kifungo. Waisraeli jangwani walilia kwa ajili ya samaki wa Misri, matango, matikiti, vitunguu na vitunguu saumu. Mmeyasoma hayo katika Hesabu 11. Walikumbuka chakula, mijeledi wakaisahau.

Sasa nije upande wa pili, wa maovu tunayoyakimbia, ambao ndio unaotuletea kesi.

Kijana ameokoka, na amebadilika kweli. Pombe ameacha, anaimba sauti ya tatu, tangazo la ndoa limeshasomwa Jumapili mbili. Kabla ya Jumapili ya tatu anafika dada mmoja kwa basi kutoka mkoani, amemshika mkono mtoto wa miaka minne, anaomba kumwona mchungaji. Wazee wanakaa. Kijana anajibu kwa 2 Wakorintho 5:17, kwamba ya kale yamepita, na mzee mmoja anaitikia kwa kichwa. Wapendwa, mtoto wa miaka minne hawezi kuwa ya kale. Januari anahitaji viatu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi amtunze mtoto wake, na dada yule akienda Ustawi wa Jamii hatajibiwa kwa aya. Ni fedheha kwa baraza la wazee kuwa na haki kidogo kuliko dawati la serikali.

Zakayo hakumwambia Yesu kwamba ya jana yamekwisha. Alisimama akataja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliowadhulumu kuwarudishia mara nne. Yesu alitamka habari ya wokovu kuingia nyumba ile baada ya hesabu hiyo. Onesimo, mtumwa wa Filemoni, naye aliongoka mikononi mwa Paulo kifungoni, mtu mpya kabisa, ila Paulo hakumwambia deni lake kwa Filemoni limefutika. Aliandika kwamba liwekwe juu yake, atalilipa yeye. Barua hiyo wenye watumwa waliitumia vibaya kwa karne nyingi, kwa hiyo sitaki mtu aondoke hapa akidhani nasema aliyekimbia mateso arudishwe. Nasema deni lilitajwa, likapata wa kulilipa.

Wazee wetu wa Uamsho walilielewa jambo hili kuliko sisi. Uamsho ule ulichipuka Gahini, Rwanda, na nchini Uganda, ukafika Bukoba na Kenya kabla ya mwaka 1940. Ndugu walikuwa na neno lao, kutengeneza. Mtu akiokoka alikwenda kutengeneza: alirudisha alichoiba kwa mwajiri au kwa misheni, akaomba radhi kwa mkewe, akapatana na jirani. Walikuwa na kasoro zao. Kuungama hadharani kuligeuka kwa wengine kuwa mashindano, na walihukumiana vikali. Tena nchi ile ile ya Gahini ndiyo iliyoona mauaji ya kimbari mwaka 1994, watu wakiuawa ndani ya makanisa walimokimbilia. Kanisa la Nyamata, moja ya makanisa hayo, halikurudishwa kwenye ibada. Nguo za waliouawa ziliachwa kwenye mabenchi, na mwaka 2023 liliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO. Maaskofu Katoliki wa Rwanda waliomba msamaha mwaka 2016, na Papa Fransisko akafanya hivyo Machi 2017. Ni zaidi ya miaka 20 baadaye. Wanaodhani mwanzo mpya hupatikana kwa usiku mmoja watazame hapo.

Neno moja kuhusu waliotendewa, kwa kuwa wao ndio tunaowaharakisha zaidi. Mama aliyepigwa na mumewe miaka kumi anaambiwa asamehe na asahau, na yote mawili kabla ya saa sita usiku. Yusufu alimwita mzaliwa wake wa kwanza Manase, akisema Mungu amemsahaulisha taabu zake. Hata hivyo, ndugu zake walipokuja kununua nafaka alijitenga nao akalia, na akawapima kwa muda kabla ya kujitambulisha. Biblia haimlaumu popote kwa kuwapima.

Ombi langu kwenu, basi. Tusingoje tarehe 31 Desemba. Tuanze Jumapili ya kwanza ya Majilio, tuwe na wiki nne za kutengeneza. Mwenye mtoto aliyemtelekeza, mwenye deni la dukani, aliyesogeza mpaka wa shamba la mjane, kila mmoja apewe mzee wa kufuatana naye hadi mlangoni kwa aliyemkosea. Pale penye hatari ya kupigwa au kutishwa, aliyekosewa asilazimishwe kupokea mgeni huyo. Asiyeweza kulipa yote aandikiane na mwenzake malipo ya kidogo kidogo. Na viongozi wote waliomaliza muda wao wakabidhi funguo, mihuri na vitabu vya benki, kwa maandishi, kabla ya mkesha.