Thamani Yako Haitoki Kwenye Kioo
(Mazungumzo na akina mama, Kamembe)



Nawasalimu ninyi mliovuka daraja la Rusizi kutoka Bukavu, ninyi mliotoka Bugarama, na wenyeji wetu wa hapa Kamembe. Neno nililopewa ni thamani ya mwanamke. Nitaanza na mcheza filamu ambaye binti zenu wanamjua vizuri: Lupita Nyong'o, Mkenya aliyezaliwa Mexico mwaka 1983. Usiseme, "Eti leo tumeletewa sinema kanisani!" Sikiliza kwanza, mama.

Februari 2014, siku chache kabla ya kupokea tuzo ya Oscar, Lupita alisimama mbele ya wanawake wenzake weusi huko Marekani akaeleza utoto wake. Alikuwa akichekwa kwa sababu ya weusi wake. Alimwomba Mungu aamke asubuhi akiwa mweupe. Akiamka anakimbilia kioo, anakuta ngozi ni ile ile. Hata mapatano alimwekea Mungu: nitakuwa mtoto mtiifu, wewe nibadilishe tu. Mama yake alimwambia kwamba uzuri hauliwi. Mtoto hakuelewa. Alipokua ndipo akafahamu kwamba uzuri wa sura hauwezi kukutegemeza. Kinachokutegemeza ni huruma uliyo nayo kwako mwenyewe na kwa wengine.

Sasa tuje kwetu.

La kwanza ni ngozi. Mwishoni mwa 2018 serikali ya Rwanda ilianza kupita madukani ikiondoa mukorogo, yale mafuta ya kujichubua yenye haidrokwinoni na zebaki. Ni vizuri. Lakini sheria inaondoa kikopo dukani. Haiondoi neno mdomoni. Wewe ukimwona mtoto mchanga, unasema nini kwanza? "Ni mweupe, ni mzuri." Na dada yake mweusi amesimama hapo anasikia! Kisha akifika miaka 16 akajichubua, unamfokea. Nani alimfundisha? Soma Zaburi 139 pamoja naye. Mwonyeshe kwamba Mungu alimfanya kwa mikono yake, rangi ikiwemo.

La pili ni uzazi. Julai 2025 Lupita alisema hadharani kwamba mwaka ule ule wa Oscar, 2014, aligunduliwa kuwa na uvimbe kwenye kizazi. Alipasuliwa, na baadaye uvimbe ukarudi. Dunia ilikuwa inaona gauni na tuzo, maumivu hayakuonekana. Mama, hata hapa tulipokaa wapo wenye maumivu ya namna hiyo, wamenyamaza kwa aibu. Ukitokwa damu kupita kawaida, omba, halafu nenda hospitali. Panzi kule Bukavu ni kazi ya Wapentekoste wenzetu wa CEPAC. Hapa tuna Gihundwe. Kwenda kwa daktari si kukosa imani.

Na kwa wewe ambaye hujapata mtoto: fungua 1 Samweli 1. Penina alimchokoza Hana wapi? Walipokuwa wakipanda kwenda nyumbani kwa Bwana! Na kuhani naye akamdhania amelewa. Kumbe mtu anaweza kuumizwa akiwa njiani kwenda ibada. Basi wapendwa, yale maswali yetu ya mlangoni, "Dada, tumbo lini?", tuyaache. Angalia tena: Elkana alimpenda Hana na kumpa fungu lake kabla Samweli hajazaliwa. Thamani ya Hana haikungoja mtoto.

La tatu ni miaka. Katika kazi ya filamu wanawake wengi husahauliwa mvi zikitokea. Lakini Cicely Tyson, Mmarekani mweusi, alipata tuzo ya Tony ya michezo ya jukwaani mwaka 2013, akiwa na miaka 88. Na sisi tuna Ana wa Luka 2, mjane wa miaka 84, aliyemtambua Mtoto Yesu hekaluni na kuwaeleza watu habari zake. Kwa hiyo wewe bibi, usiseme kazi yako imebaki kulinda wajukuu. Kanisa linahitaji maombi yako. Linahitaji pia kumbukumbu zako, maana Injili hii ilianza hapa Gihundwe mwaka 1940 na wamisionari wa Sweden, na wanaokumbuka siku za mwanzo wanapungua kila mwaka. Mwite kijana, mweleze.

Nimalizie hivi. Ukirudi nyumbani wiki hii, fanya mambo matatu. Mwambie binti yako neno jema ambalo halihusu rangi wala umbo. Mtembelee dada mmoja asiye na mtoto, umsalimie kwa jina lake, mle pamoja, usimuulize kitu. Na mzee mmoja mwombe akuwekee mikono, akuombee.

Tumbo, ngozi na miaka vyote viko mkononi mwa Bwana. Yeye aliyekununua kwa damu ameshasema bei yako. Usikubali mtu aishushe, na wewe usishushe ya mwenzako.